Akuac Anayesaka Mwanga Usiodanganya Macho

Jua la saa saba linachoma mabati ya Hai Jalaba, mtaa wa Juba, na Akuac Majak anatafuta giza. Anatundika blanketi mbili mlangoni mwa kibanda chake cha ufundi, anaziba tundu la ukutani kwa gazeti kuukuu, kisha anawaita ndani wanawake wawili waliokuwa wakingoja kivulini, mmoja ameshika mkono wa mtoto wa kiume.

Ndani kuna joto la kuivisha mkate. Mezani pamewekwa sinia la mahindi, ya njano na meupe yamechanganywa. Akuac anawasha taa ndogo juu ya sinia na kurudi nyuma.

"Haya, chagueni. Njano huku, nyeupe huku. Msiangalie taa, angalieni mahindi."

Wanawake wanainama na kuchagua kwa kasi, kama watu waliozoea kazi ya jikoni. Wakimaliza, Akuac anainua blanketi na jua linaingia. Katika rundo la mahindi meupe, punje za njano zimejaa tele. Mmoja wao, Milly, Mganda anayekaanga samaki kambi ya Mangateen, anacheka hadi anashika meza.

"Kumbe mimi iko kipofu!" anasema.

"Si wewe, Milly. Ni taa," anajibu Akuac, bila kucheka.

Akuac, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni fundi wa redio, simu na taa za sola. Alikulia kambi ya Kakuma nchini Kenya, akajifunza ufundi huko, na akarudi Juba mwaka nchi ilipopata uhuru. Siku hizi anaunda taa ya kambi ambayo ramani yake ilichorwa na wakazi wa Mangateen wenyewe, watu waliokimbia vita na ambao bado wanaishi kwenye vibanda vya muda.

Taa walizokuwa wakipewa na wafadhili hazikuwafaa. Ziliangushwa na mbuzi, mishikio yake ilikatika, na hazikuwa na pa kutundikwa. Wakazi walikaa, wakabishana, wakaamua wanachotaka: kitako kipana, mshikio wa kuingia mkono mzima, na ndoano juu. Akuac alisikiliza, akaunda. Katika wiki nzuri hukamilisha taa ishirini.

Jambo moja tu ndilo halijaisha kubishaniwa, nalo ni rangi ya mwanga.

Vitaa vya LED vinavyoingia ndani ya taa hiyo ni vidogo kama punje ya mtama, na kwenye pakiti rangi ya mwanga huandikwa kwa namba. Elfu mbili na mia saba ni njano ya moto wa kuni. Elfu sita na kitu ni nyeupe kali inayoelekea buluu. Katikati kuna elfu nne. Mfanyabiashara anayemletea vitaa hivyo, Mugisha, anaondoka Jumatatu kwenda Kampala. Kiwango anachoagiza Akuac kinauzwa kwa rangi moja tu, na hakirudishwi.

Mtu angeweza kusema rangi ni rangi, mwanga ni mwanga. Akuac mwenyewe aliwahi kusema hivyo.

Miaka mitatu iliyopita, wakazi walipokutana kuchagua, mikono yote iliinuliwa kwa njano. Sababu zilikuwa nzuri. Mwanga wa njano hauiti wadudu wengi wakati wa mvua, hauwaamshi watoto, na hauonekani kutoka mbali. Watu waliokimbia usiku hawapendi nyumba yao ionekane kutoka mbali. Taa zikaisha kabla hazijafika sokoni. Kizuri chajiuza.

Mwanamke wa pili mezani, Nyachangkuoth, alikuwa miongoni mwa waliochukua taa za kwanza. Wakati huo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Duoth. Kwa desturi ya kwao, mzazi na kichanga chake hukaa ndani siku za mwanzo. Jua linangoja, na macho ya watu yanangoja. Kibanda chake kilitandazwa mablanketi pande zote kuzuia joto, hivyo hata mchana taa ya Akuac ndiyo iliyokuwa inawaka.

"Chini ya ile taa kila kitu kilikuwa njano," anasimulia Nyachangkuoth kwa Kiswahili chake cha Kakuma. "Shuka njano, mkono wangu njano. Sasa macho ya mtoto ikigeuka njano, ningejuaje? Nilikuwa naona amelala sana tu. Nikasema huyu ni mtoto mzuri, hasumbui."

Aliyegundua ni Amer, mkunga wa kambi, aliyerudi kutoka safarini na kumtoa mtoto mlangoni amtazame kwa jua. Aliyaona macho ya njano, hakumaliza hata salamu. Walikimbia hospitali kwa pikipiki, na Duoth akalazwa siku kadhaa chini ya taa ya matibabu. Akapona. Lakini alipofika umri wa kuitika jina lake, hakuitika. Daktari aliwaambia umanjano ule ulikuwa umekaa mwilini mno, ukaharibu masikio.

Habari hiyo ilimfikia Akuac hapa kibandani. Anasema alizima kila kilichokuwa kinawaka, akakaa sakafuni.

"Nililia, siwezi kuficha. Ile taa ni mimi niliilehemu na hii mikono. Na venye mimi ni Mdinka na yeye Mnuer, na watu wetu walipigana, kuna watu walianza stori mbaya kule, ati nimewaletea taa ya kuwaumiza. Ningefunga hii kazi nikarudi kwa redio zangu."

Hakuifunga. Aliyemzuia alikuwa Nyachangkuoth, aliyetembea kutoka Mangateen na mtoto mgongoni.

"Nilimwambia, tulichagua sote. Mkono wangu ulikuwa juu pia," anakumbuka. "Sasa ukikimbia, nani atatengeneza ile nzuri? Nikawaambia na wale wa midomo wanyamaze."

Tangu hapo wawili hao wanafanya kazi pamoja, na jaribio la mahindi ni wazo la Nyachangkuoth. Mkutanoni, anasema, kila mtu aliitazama taa yenyewe na kuisifu, na hakuna aliyetazama kinachomulikwa. Mahindi ya msaada huja ya njano mwezi huu na meupe mwezi ujao, na hakuna mwanamke Mangateen asiyejua kuyatenganisha. Taa inayowashinda wanawake hao kuchagua mahindi haiwezi kuaminiwa na macho ya kichanga.

Ungedhani basi nyeupe kali ingeshinda. Wapi! Chini ya taa ya elfu sita mahindi yalitengana vizuri, lakini ngozi za watu zikawa na rangi ya majivu, na Amer akakataa katakata. Mkunga huyo huzungumza Kiarabu cha Juba na hana maneno mengi.

"Nur ta suba, bes," alisema. Akuac anatafsiri: mwanga wa asubuhi, basi. Huo ndio wa elfu nne.

Milly naye ana kesi yake. "Hiyo nyeupe sana nafanya samaki yangu kama ya juzi. Kastoma naangalia, naenda. Hata hiyo ya katikati, mimi bado napenda njano."

Hayuko peke yake. Wengi Mangateen bado wanaitaka njano yao, na Akuac hawezi kuwalaumu, kwa maana hata yeye hulala vizuri kwa mwanga huo. Wiki iliyopita ubishi ulikuwa mkali mpaka watu wakaondoka bila kuagana. Ni Milly huyohuyo aliyerudi kesho yake na dumu la njano la mafuta ya kupikia, tupu, limekatwa kipande. Alikivisha kipande hicho juu ya taa ya elfu nne, na kibanda kikajaa mwanga wa moto wa kuni. Alipokivua, asubuhi ikarudi.

"Sasa kila mtu anapata yake," anasema Milly kwa fahari anayostahili.

Amer anahofia watu watakivisha kifuniko na kukisahau hapo. Akuac amelifikiria hilo. Kifuniko hakitafungwa kwa skrubu, kitakaa kwa kushikwa na ndoano tu, na kila mama mjamzito wa Mangateen atapewa taa yake na Amer mwenyewe mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Mkunga atamwonyesha: asubuhi na jioni, vua kifuniko, tazama macho ya mtoto, tazama nyayo. Desturi ya kukaa ndani ibaki, ila mwanga wa asubuhi uingie humo.

"Sitaki kuambia mama yeyote atoke nje kama hataki," anasema Akuac. "Nitamletea nje yake ndani. Na nikikosea tena nitarekebisha tena. Hii kitu siachi."

Mchana huu ndio wa jaribio la mwisho kabla ya Jumatatu. Akuac anashusha blanketi na kuwasha ya elfu nne. Milly anachagua mahindi taratibu. Blanketi linapoinuliwa, hakuna punje iliyopotea njia, na safari hii Milly hacheki, anapiga makofi.

Nyachangkuoth hajagusa mahindi mara hii. Anaomba blanketi lishushwe tena, anamketisha Duoth juu ya meza, uso kwa uso, na kuanza kusema naye kwa mikono. Mtoto anatazama vidole, anatazama midomo, anajibu kwa mikono yake midogo, haraka, kisha anatikisa kichwa kubisha. Mama anacheka. Hatuelewi wanabishana nini, wala hakuna anayetufafanulia.

Akuac amesharidhika. Anajifuta jasho na kunyoosha mkono kuizima taa.

"Ngoja," anasema Nyachangkuoth, macho hayatoki kwa mwanawe. "Bado tunaongea."