Uwanja wa Gofu Uliofuata Maji

Nilipopunguzwa kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa, nilikuwa nimepima mifereji kwa miaka mingi kiasi kwamba nikikanyaga ardhi tu, najua maji yataelekea wapi. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara huria. Viwanda vya mjini Morogoro vilikuwa vikifungwa, na watu wenye fedha walikuwa wakijaribu biashara ambazo hatukuwahi kuzisikia. Kundi moja lilipata shamba la mkonge lililotelekezwa chini ya milima ya Uluguru, likataka kuligeuza uwanja wa gofu wenye mashimo tisa.

Waliniita nipime tu. Mchoro ulikuwa tayari, kazi ya mtaalamu kutoka nje aliyekaa siku nne za kiangazi na kuondoka. Niliutandaza juu ya boneti ya gari, nikaona korongo linalotoka mlimani limefukiwa lote, na juu yake njia ya shimo la tatu imenyooka kama barabara ya lami.

"Mwenyekiti," nikasema, "hapa masika maji yatapita."

Mwenyekiti wa kundi, mfanyabiashara wa nafaka mwenye sauti kubwa, alicheka. "Dada, wewe hata gofu huchezi."

"Maji nayo hayachezi, lakini yatapita."

Wenzake waliangua kicheko, naye akakasirika. Hata hivyo alikuwa mtu wa kujaribu vitu. Aliamua shimo la tatu lijengwe kama lilivyochorwa, na la nne nilichore mimi. Nilirudi nyumbani na furaha na woga pamoja, maana fimbo ya gofu sikuwahi hata kuishika.

Mama yangu alilima kabichi na karoti kwenye mteremko juu ya Mlali. Alinifundisha, nikiwa mdogo, kutembea shambani mvua ikinyesha kabla ya kupiga jembe. Ndivyo nilivyofanya. Mvua za vuli ziliponyesha nilivaa mabuti, nikafuata kila kijito, nikichomeka vigingi pale maji yalipokataa kufika. Korongo lilelile, ambalo lilikatiza pia shimo la nne, nililiacha wazi, nikaliweka katikati ya njia ya mpira. Mwenye kuthubutu angepiga juu yake na kufika mapema. Mwoga angezunguka kushoto kwenye nyasi pana, bila kudharauliwa na mtu. Mpaka leo naamini hivyo: uwanja mzuri humpa kila mchezaji njia, kisha humwacha achague mwenyewe.

Kulikuwa pia na kinjia cha akina mama waliobeba ndizi kutoka milimani kwenda sokoni. Mwenyekiti alitaka uzio. Nilisogeza mbele kwa hatua arobaini mahali pa kuanzia kupiga mpira, kinjia kikapita nyuma ya wachezaji, salama.

"Umebadilisha uwanja kwa sababu ya ndizi?" aliniuliza.

"Kinjia kilikuwepo kabla ya uwanja, mwenyekiti."

Masika yalikuja kwa nguvu. Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku mbili, nilimkuta mwenyekiti amesimama peke yake kwenye shimo la tatu, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu, na nyasi zote alizozigharimia zimesombwa hadi barabarani. Alitembea hadi la nne, akapiga kisigino chini. Pakavu. Akapiga tena, mbele kidogo, kama mtu anayejaribu sakafu mpya.

"Chora yaliyobaki yote," akasema. "Na hilo la tatu lifukue."

Siku ya ufunguzi yule mtaalamu alialikwa. Kwenye shimo la tatu alitumbukiza mpira korongoni mara mbili, akacheka mpaka akaegemea fimbo yake, akaomba kuuona mchoro wangu. Nilimwambia mchoro wangu ni hafifu, ningemwonyesha kwa miguu. Tulizunguka uwanja mzima, mimi nikieleza, yeye akiandika kwenye kidaftari. Mama alikuwepo pia, kwenye kiti cha mbele, kitenge kipya begani. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kumwamkia.

"Shikamoo mama. Binti yako ametuokoa."

"Marahaba," mama akajibu. "Si nilimfundisha mimi?"

Kabla ya mwezi kwisha nilipokea barua mbili za kazi, moja ya Iringa na nyingine ya Tanga, zote za viwanja vipya. Nilizikubali zote mbili siku ileile.