Mayai ya Aina Mbili Chini ya Bata Mmoja

Mtaani wanamwita Mama Pasi, na jina hilo limemkaa vizuri hata watoto wake, ambao sasa wana miji yao, hulitumia wakimpigia simu. Anafua na kupiga pasi nguo za watu nyumbani kwake. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za mkaa zinazopokezana, na kamba ambako mashati yaliyonyooshwa huning'inia, kola zote zikitazama upande mmoja. Ukumbi mwembamba unapita kati ya vyumba viwili vya kulala hadi uani. Huko ndiko kwenye karo la saruji, kamba za kuanikia, na bata.

Bata wake ni wale wa uso mwekundu, wenye vinyama vilivyozunguka macho kama miwani iliyoyeyuka. Hawapigi kelele. Wakikasirika hutoa pumzi tu, fyuu, kama tone la maji lililoangukia pasi ya moto. Mama Pasi aliwapendea hilo. Yeye mwenyewe si mtu wa maneno. Mteja akimsalimu kwa sentensi tatu atajibiwa kwa moja, tena fupi.

Kisha wifi yake akaja kukaa.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mpishi wa shule ya bweni karibu maisha yake yote ya kazi. Alizoea kuwaita wanafunzi chakulani kutoka mlango wa jiko hadi mwisho wa uwanja wa mpira bila kengele, na alipostaafu hakuiacha sauti hiyo shuleni. Mtaa haukuchelewa kumpa jina: Spika. Alichokiacha shuleni ni chumba, kwa sababu kilikuwa cha mwajiri. Alikuja na begi la nguo, godoro lililokunjwa kwa kamba, na tenga lenye bata weupe aliowafuga kwa makombo ya jikoni. Alisema atakaa kidogo huku akitafuta pa kuhamia. Wote wawili walijua kwamba hakuna mahali alipokuwa akipatafuta.

Bata weupe walikuwa na tabia zao. Majike walianza kupayuka kabla jua halijachomoza, na wakiona ndoo tu walidhani chakula kimefika. Dume wa uso mwekundu, mkubwa kuliko wote, alianza kuwakimbiza majike hao huku na huku mpaka shuka za watu zikachafuka kwenye kamba. Mama Pasi hakulalamika. Alileta wavu wa zamani, akaugawa ua sehemu mbili, akarudia kufua.

Baada ya hapo palikuwa na amani ya kutosha, ila jambo moja lilimnyima Spika raha. Bata wake walitaga vizuri lakini hawakutaka kuatamia. Walidondosha mayai popote, kwenye matope, chini ya karo, wakaenda zao. Shuleni alikuwa akiyaweka chini ya kuku wa mlinzi. Hapa kuku hakuna. Naye alivitaka vifaranga kwa sababu ambayo hakuificha: kula bure kulimkaba koo. Alitaka awe na kitu chake cha kuuza, alete hata unga na mkaa, asihesabiwe mgeni, ingawa nyumbani mle hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Basi bata mmoja wa Mama Pasi, jike mweusi mzee aliyewazaa karibu wote waliokuwa upande wake wa wavu, alipoanza kulalia mayai bandani, Spika aliomba awekewe machache ya kwake humo humo. Mama Pasi alifikiri. Jike yule alikuwa amezeeka, na huenda asingetotoa tena. Lakini kiota kilikuwa na nafasi. Akakubali, akayapokea mayai ya wifi yake, akayapangusa kwa kitambaa kikavu na kuyapanga kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa lilikuwa hapo, na hakuna aliyeliona. Vifaranga vya bata weupe hutoka wiki nzima kabla ya vile vya bata wa uso mwekundu. Mama Pasi hakuwahi kufuga weupe, na Spika hakuwahi kufuga wa uso mwekundu. Kila mmoja alidhani bata ni bata.

Asubuhi moja Mama Pasi alitoka uani na beseni la nguo akamkuta jike mweusi yuko chini ya kamba za kuanikia, kwenye dimbwi la maji yaliyochuruzika, akifuatwa na vifaranga vya manjano. Aliweka beseni chini, akaenda bandani, akagusa mayai yaliyobaki kiotani. Yalikuwa yanaanza kupoa. Akalipeleka moja sikioni, akasikiliza, akalirudisha.

Spika alitoka akiwa na mswaki mdomoni, akaona manjano, akashangilia kwa sauti iliyowaamsha waliokuwa bado wamelala. Kisha akamwona wifi yake amechutama mlangoni pa banda, mikono juu ya mayai, na furaha ikamkauka usoni.

Walijaribu kumrudisha jike kiotani. Hakutaka. Alikuwa na watoto tayari, na mtu mwenye watoto hakai tena kusubiri wengine. Walivitia vifaranga ndani ya kapu la nguo, lakini vilipolia jike alilizunguka kapu akitoa pumzi za hasira. Ndipo Mama Pasi akasema vifaranga viende mahali ambapo mama yao hatavisikia. Mahali hapo palikuwa chumba cha Spika, ambacho hakitazami uani. Spika aliingia navyo, akavihamishia kwenye boksi, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga. Akagundua jambo lingine la kutisha: kila aliposema neno, vifaranga vilimjibu kwa pamoja. Ikambidi anyamaze. Siku nzima Spika alikaa kitandani na boksi mapajani, mdomo umefungwa, kila mara akivitupia jicho la kuvisihi.

Jike alitafuta uani kote. Wakati huo Mama Pasi alikuwa kwenye meza yake. Alikunja taulo, akalipitishia pasi, akaligusisha shavuni kama anavyofanya kwa kitambaa chepesi asichotaka kukiunguza, kisha akakimbia nalo bandani. Likipoa, analeta jingine. Moto ukizidi mayai yangeiva, ukipungua yangekufa. Dereva wa basi alikuja kuchukua sare zake, akaambiwa bado. Akauliza kuna nini.

"Leo napiga pasi mayai," Mama Pasi alimjibu, akapita na taulo lake.

Dereva alicheka, akangoja kidogo amalizie mzaha wake. Haukuwa mzaha. Aliondoka bila sare.

Mchana alimpelekea Spika chai, akamkuta macho mekundu.

"Yakiharibika nitaondoka mwenyewe," Spika alinong'ona. Vifaranga vikachachawa, akashusha sauti zaidi. "Nimekula kwako, nimelala kwako, sasa nimekuulia na bata. Kaka yangu hayupo tena, wifi. Mimi hapa nakaa kwa jina la nani?"

Mama Pasi alisimama na kikombe mkononi. Angependa kujibu, lakini si mtu wa kujibu haraka, na kule bandani taulo lilikuwa linapoa.

"Kunywa chai," alisema, akatoka.

Jua lilipoanza kuteremka jike alichoka kutafuta. Alisimama mlangoni pa banda, akatazama ndani, akaingia, akalala juu ya mayai kana kwamba alikuwa ametoka tu kunyoosha miguu. Mama Pasi alikaa chini pale pale kwenye vumbi, taulo la mwisho begani.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kujikaza kisabuni. Spika alilea vifaranga chumbani kwa pumba iliyoloweshwa na balbu iliyoning'inizwa juu ya boksi. Vilikuwa vimeshamzoea; akivuka chumba, vilimfuata kwa mstari. Hakuvifurahia kama alivyotarajia. Kila asubuhi alikwenda bandani, akasimama, akarudi bila kusema kitu, na majirani wakaanza kuuliza kama anaumwa.

Kisha mayai yakaanguliwa. Sio yote. Vilitoka vifaranga viwili, vyenye madoa ya kahawia, vizima kabisa. Mengine yalibaki kimya, na siku mbili baadaye Mama Pasi aliyafukia nyuma ya banda kwa sababu yalikuwa yameanza kunuka.

Aliporudi ndani, mikono ikiwa bado na udongo, alimkuta Spika ukumbini, begi limefungwa, godoro limekunjwa. Alikuwa ameoga na kuvaa gauni lake la kutokea.

Mama Pasi hakumzuia njia. Alinawa mikono kwanza, akajifuta, kidole kwa kidole.

"Mayai niliyapanga mimi," alisema. "Uliomba, nikakubali. Hukunivizia usiku ukayatia. Kosa ni letu wawili, na vifaranga ni vyetu wawili."

"Vyako ni viwili tu, wifi."

"Naweza kuhesabu. Uliniuliza swali siku ile." Alitundika taulo msumarini. "Kaka yako alikuleta kwangu kukutambulisha, ndiyo. Lakini miaka yote hii, kila nilipougua, aliyekuja na uji hakuwa yeye, ni wewe. Hapa unakaa kwa jina lako."

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Alionekana kuchoka nayo, akaegemea ukuta.

Spika alilitazama begi lake. Halafu akaliweka chini.

"Kama ni hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, "nitahitaji kitanda cha maana. Hicho ulichonipa kinanivunja mgongo tangu siku ya kwanza, nilikuwa naona haya tu kusema."

"Usizidishe."

"Nazidisha nini? Njoo ukilalie mwenyewe uone."

Mama Pasi alikwenda, akakilalia, akanyanyuka akiwa ameshika kiuno. Jioni hiyo hiyo waliongozana kwa seremala, wakabishana naye bei, mmoja kwa sauti na mwingine kwa kunyamaza, mpaka seremala akapunguza.