Chakula cha Mtu Asiyekuwepo

Moto wa kwao una mwisho. Hicho ndicho kilichoniamsha kwenye basi la shule, na mimi kuniamsha kabla ya kipindi cha pili si kazi ndogo.

"Una mwisho vipi?" nilimuuliza rafiki yangu. "Moto ni moto. Ukiingia, khalas."

"Kwetu unakaa mpaka ubaya ulioufanya uishe nguvu. Unaweza ukakaa miaka isiyohesabika, lakini iko siku unatoka. Unazaliwa tena mahali pengine."

Rafiki yangu huyu ni jirani yetu pale Rashidiya, Dubai. Wao ni watu wa Sri Lanka, Wabudha, wanakaa kwenye villa ya ukuta mmoja na yetu, iliyokatwakatwa vyumba na kila chumba kikapewa familia. Sisi ni Waunguja wa hapa hapa: bibi yangu alikuja akiwa kijana, mama kazaliwa hapa, na mimi nasoma darasa la kumi kwenye shule ile ile ya Kihindi anayosoma rafiki yangu. Tunaongea Kiingereza cha shuleni, kile kilichojaa yalla na vimatusi vya Kihindi ambavyo mama hajavitambua bado.

Habari ya moto nilimuuliza mwenyewe. Jana yake mwalimu wa madrasa alikuwa ameniambia kwamba kwa domo langu hili huko mbele nitatangulizwa, nami nikataka kujua kama kwao kuna nafasi.

"Zipo nyingi," alisema. "Ziko za moto, ziko za baridi."

"Ya baridi niandikie mimi." Ilikuwa mwezi wa tisa, na kiyoyozi cha basi kilikuwa kimekufa tangu shule ifunguliwe.

"Baridi ya kupasua ngozi. Unapasuka kama ua linavyochanua."

"Afadhali yenu. Hapa tunapasuka bila maua."

Hakucheka. Akaendelea kunieleza picha zilizochorwa ukutani kwenye hekalu la mji wao, alizoziona akiwa mdogo: watu wanakatwakatwa vipande, upepo unapuliza, vipande vinaungana, mtu anasimama mzima, wanaanza kumkata upya. Na hakuna aliyemhukumu kwa hasira, alisema. Ni matendo yake yanamrudia, kama mtu aliyekula pilipili na mdomo ukamuwaka.

Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita aliniambia jambo jingine kabisa. Aliniambia hakuna mtu ndani ya mtu. Kwamba mimi ninayejiita mimi ni mkusanyiko tu wa mambo yanayopita, na kuzaliwa upya ni kama mshumaa kuwasha mshumaa: moto unahama, wala huwezi kusema kilichohama ni kitu gani.

"Sasa kama hakuna mtu," nikasema, "anayechomwa nani?"

Swali lile lilinifurahisha mno. Niligeuka nitazame nani mwingine kalisikia.

"Maumivu yapo," alisema. "Mwenyewe tu ndiye ukimtafuta humpati."

"Basi mwambieni huyo asiyepatikana apunguze kelele."

Siku nyingine angenipiga na mkoba. Siku ile aliuweka mapajani, akaanza kufungua na kufunga zipu yake.

"Babu yangu amefariki Jumamosi," alisema.

Babu huyo, baba wa baba yake, alikuwa mchinja kuku sokoni kwao. Maisha yake yote, kazi yake kuku. Kwetu mchinjaji ni mtu wa maana, anapiga bismillahi, watu wanampa salamu na kumwombea dua. Kwao kuua ni kuua, na kuifanya ndiyo riziki yako ni balaa zaidi. Rafiki yangu alikuwa akizifikiria zile picha za ukutani tangu Jumamosi. Alikuwa anamwona babu yake kwenye ubao wake mwenyewe wa kukatia.

Nikatazama dirishani. Walikuwa wanajenga njia ya treni, nguzo zimesimama barabara nzima hazijabeba kitu.

Na baba yake hakwenda kuzika. Pasipoti yake ilikuwa kwa arbab wake, tajiri aliyemwajiri, na arbab alikuwa safarini, na karani ofisini akasema inshallah, na kila mtu wa Dubai anajua ile inshallah ya karani ni ipi.

Ijumaa ya wiki ile ilikuwa mkesha wa sadaka ya siku ya saba, ya kumpelekea marehemu thawabu. Lakini kabla ya hiyo kuna jambo lingine, la kienyeji. Wanapika vyakula alivyopenda marehemu, wanavipanga kwenye jani la mgomba, wanaviweka nje juu mahali pa wazi, wanangoja kunguru. Kunguru wakija wakala, marehemu amepokea, roho yake imetulia. Wasipokuja, ana jambo linamkera huko aliko, na nyumba nzima haina raha.

Jani la mgomba hawakulipata. Mama yake akapanga wali, dengu na mchuzi wa biringani kwenye karatasi ya fedha ya kuokea, akaiweka juu ya ukuta, ule tunaochangia nao. Baba yake akapita na taulo begani akasema hayo ni mambo ya kijijini, Budha hakuyafundisha. Akaingia ndani, akarudi mlangoni. Akaingia tena.

Mimi nilitoka baada ya sala ya Ijumaa. Rafiki yangu alikuwa kasimama kwenye kijia chao tangu asubuhi, uso umemwiva kwa jua.

"Wamekuja?"

"Hakuna hata mmoja."

Tukangoja. Mimi kungoja siwezi, naumwa miguu nikikaa. Nikapanda ngazi, nikashuka. Nikalia kama kunguru, nalia vizuri, darasani nimeshatolewa nje kwa mlio ule. Paka akaja, tukamfukuza. Wakaja njiwa wawili wa uani, wakadonoa punje ya wali, nikamwambia hao hapo, wamekula.

"Hao si kunguru."

"Kwani babu yako anajua?"

"Nyamaza."

Mchuzi ulikuwa umeanza kukauka kandokando. Ikifika magharibi bila kuliwa basi, kesho watatoa sadaka wakijua mwenyewe hana raha. Rafiki yangu alikuwa anang'ata kola ya blauzi yake.

"Ukuta huu zamani ulikuwa na kunguru," alisema. "Kila siku walikuwepo. Wameenda wapi?"

Nikatazama juu, kwenye paa la kwetu, kwenye nguzo ya antena.

Bibi yangu hawezi kuishi bila ng'onda. Samaki wa madukani hamwamini, kwa hiyo hukausha wake juani, nguru na pweza, juu ya paa, Dubai nzima ikimnusia. Kunguru walikuwa wakimlia akiba. Mwezi uliopita akafanya kama wanavyofanya kwao Unguja: ukimning'iniza kunguru mfu, wenziwe wanahama mtaa. Mfu hakumpata, akamshona. Alichukua buibui bovu, akalikata mabawa, akalijaza matambara, akalining'iniza kichwa chini kwenye nguzo ya antena. Tangu siku hiyo kunguru Rashidiya yetu hawakuonekana. Nilikuwa nimewatangazia watu wote shuleni kwamba bibi yangu ni mchawi.

Nilimkuta ukumbini, kavua miwani, anasikiliza redio.

"Bibi, nataka kumshusha yule kunguru wako."

"Umshushe una nini nae?"

"Jirani wameweka chakula, wanataka kunguru waje wale."

"Wanawataka?" Akazima redio. "We mtoto, leo umeamkia kwangu? Mie nawafukuza, wao wanawapikia?"

Nikamweleza. Sikutia chumvi, kwa hiyo alinitazama vibaya, akidhani naumwa.

"Mzee mwenyewe Muislamu?"

"La. Mbudha."

"Astaghfirullah. Basi yananihusu nini mie mambo hayo? Kunguru ndo waende kumtuliza mtu? Kunguru huyu ninaemjua mie?"

"Ndivyo wanavyoamini."

"Kafa lini?"

"Jumamosi."

"Mwanawe huyu hapa hakwenda kumzika babaake?"

"Pasipoti iko kwa arbab."

Bibi akavaa miwani yake. Mamaake yeye alizikwa Unguja, na bibi alipata habari baada ya miezi, kwa mtu aliyekuja na meli. Hilo nalijua kwa mama. Bibi mwenyewe halisemi, na siku ile pia hakulisema.

"Wameweka nini hapo ukutani?" akauliza.

"Wali. Dengu. Biringani."

"Dengu." Akanyanyuka kwa kushika goti. "Kunguru gani wa kushukia dengu? Shusha hilo buibui langu. Kisha chukua kipande cha nguru uwapelekee. Kimoja. Na hizo nyengine zikiliwa, n'takuanika wewe."

Nilimshusha yule kunguru wa matambara, kisha nikampa rafiki yangu kile kipande mkononi. Hakukiweka. Akakishika tu, akakigeuzageuza.

"Wakija kwa ajili ya huyu samaki," alisema, "inahesabika?"

Hapo ndipo nilipoona ni kweli alikuwa anaogopa. Alitaka kunguru waje, lakini hakutaka kuwahonga. Kama ni hila zetu mimi na bibi zimewaleta, basi babu yake bado atakuwa kwenye ubao. Nikawa na majibu kama manne, yote ya kuchekesha, yote nikayameza.

"Babu yako alikuwa anakula samaki mkavu?"

"Kila siku. Kuku hakuwahi kumla."

"Basi mmesahau chakula chake. Weka."

Akaweka. Mimi nikapanda paa la kwetu kulinda ng'onda nyingine, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, joto linapanda kutoka kwenye saruji kama tanuri la mkate.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Walipokuja, walikuja kwetu kwanza. Mmoja akatua kwenye antena, palepale alipokuwa ananing'inia yule wa matambara, akatazama chini. Akashuka kwenye waya wa pweza. Mwingine akamfuata. Nikainua mkono kuwafukuza, nikamwona rafiki yangu kule chini, ametoa macho, anatikisa kichwa taratibu. Nikiwafukuza hapa, wanaondoka kule pia. Hawatarudi leo.

Nikashusha mkono.

Mwalimu wa madrasa hajawahi kuniona nimekaa kimya hivyo, wala mama, wala mtu yeyote. Inzi alinitembea mdomoni. Kunguru aliung'oa mguu wa pweza wa bibi mbele ya macho yangu, akaula kwa raha zake, akafuta mdomo kwenye waya. Nilimtazama nikimfikiria yule mtu asiyekuwepo, aliyekatwakatwa, akaungana, na sasa anangoja yule ndege mwizi amalize pweza wa Kiunguja ndipo akumbuke kwamba iko karamu nyingine chini ya paa. Miguu ilikuwa inaniuma. Nilitamani kuruka, kupiga makofi, kusema kitu.

Kunguru wa pili ndiye aliyeiona karatasi ya fedha. Ilimeremeta. Akashuka ukutani, akatembea kwa yale madaha yao, akasimama, akageuza kichwa huku na huku. Akadonoa nguru. Wa kwanza akamwacha pweza akamfuata, kisha wakatokea wengine sijui wapi, wakagombana, wali ukaruka, dengu zikamwagika upande wetu.

Rafiki yangu hakupiga kelele. Aliinama tu akashika magoti, kama mtu aliyemaliza mbio.

Nilishuka nikazunguka upande wao. Mama yake alikuwa kaufunika uso kwa nguo. Baba yake akatoka, akaiokota ile karatasi tupu ukutani, akaikunja, akaikunja tena, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Anko, wamekula chote," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani atasema tena yale ya kijijini na kwamba Budha hakuyafundisha.

"Alianza na nini?" akauliza.

Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi nilikuwa juu na niliona vizuri. Rafiki yangu akanitazama.

"Samaki, Anko."

"Ndiyo," alisema, akiikunja ile karatasi hata haikunjiki tena. "Yeye siku zote huanza na samaki."