Gundi ya Mihogo Mbele ya Zuzi

Msinicheke kabla sijamaliza, mutacheka mwishoni kama mutaweza, kwa sababu hii aibu ninayotaka kuwaambia haikuniachia hata jina: mpaka leo kuna watu wa mutaa wetu wa Kadutu wakiniona napita wanajipangusa shati kana kwamba mende amewapanda, na mimi najua wanachosema, napita.

Wakati ule Wabeleji wangali wanatawala, mimi nilikuwa karani katika biro moja ya kusafirisha mizigo hapa Bukavu, suruali ya kaki yenye pasi kali, kalamu mbili mufukoni (moja haikuwa na wino, ilikuwa ya urembo tu), na nilikuwa na ugonjwa wangu: kukusanya karatasi za zamani. Wengine walikusanya wanawake, wengine walikusanya chupa za bia, mimi nilikusanya risiti na barua za wafanyabiashara, nazipenda vile zinavyonuka, vile wazee walivyotia sahihi kwa kukamua kalamu kama watu wanaochimba shimo. Halafu serkle yetu, chama cha sisi tuliojiita evolue, weusi tuliosoma na kuiga uzungu, ikasema itafanya maonyesho ya biashara ya watu weusi, na bwana mukubwa wa teritwari, muzungu mutawala wa wilaya, atakuja kutazama. Basi, kichwa kikanivimba.

Jirani yangu alikuwa Maman Nabintu, mujane wa Papa Bisimwa. Papa Bisimwa, kama baba yake kabla yake, aliuza chumvi, vitambaa na samaki wakavu waliopanda kwa lori kutoka Kamanyola, na familia ile haikutupa karatasi hata moja: barua za wateja wa Kamituga, risiti za duka la Mugiriki, zote ndani ya kopo la biskuti. Lakini humo ndani zilikuwamo na zingine, na hapa munisikilize vizuri. Nyumba waliyokaa, mabati, mbao, misumari, mulango na kufuli, aliinunua Maman Nabintu mwenyewe, kwa samaki wake aliokuwa akitembeza sokoni na mutoto mugongoni, na kila risiti ilikuwa na jina lake yeye, si la bwana wake.

Alinitazama sana siku nilipomuomba lile kopo.

«Papa Karani, hizi makaratasi ndiyo zinashikilia hii nyumba,» akasema. «Bwana yangu amekufa, ndugu yake iko anaangalia tu. Zikipotea, miye na batoto tutalala wapi?»

«Maman, zipotee kwangu? Mimi karani!» nikajibu. «Nitazipanga kwa albamu, hata wazungu watashangaa.»

Akanipa. Alinipa kwa mikono miwili, na mimi nikalipokea kwa mukono mumoja kwa sababu mwingine ulikuwa umeshika kofia.

Sasa, ubaya wote ulianzia kwenye gundi. Ningeweza kuomba chupa ya gundi kule biro, lakini mukubwa wangu alikuwa mutu wa kuhesabu hata pini, nikaogopa ataniita mwizi, nikasema, kwani shuleni kwa mapadri tulibandika na nini? Tulibandika na bunga ya mihogo! Nikamuomba bibi yangu, mama wa watoto wangu, sufuria, nikapika uji muzito, na kwa sababu mimi ni mutu wa akili nyingi (akili nyingi sana, mutaona) nikatia sukari, kijiko kikubwa kikubwa, ili karatasi zing'ae. Bibi yangu akaniuliza kama ninapika chakula cha mutoto. Nikamwambia aende zake, hizi ni kazi za watu waliosoma.

Nikabandika zote, risiti za Papa, risiti za Maman, barua, moja baada ya nyingine, nikazipangusa kwa kidole kuondoa uji uliozidi, kidole nikakilamba (ulikuwa mutamu, siwafichi). Juu ya jalada, ambalo lilikuwa karatoni ya sanduku la sabuni, nikaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa zenye mikia: MALI NA BIASHARA YA UKOO WA BISIMWA. Nilijisikia muzuri! Halafu nikaifunga albamu ndani ya kitambaa, nikaishona pande zote kwa uzi ili mutu asiifungue mpaka siku ya maonyesho, nikaiweka juu ya kabati karibu na jiko, pale penye joto, maana masika ya Bukavu munayajua, hata ukuta unatoa jasho.

Maonyesho yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Kabla hayajafika akafika shemeji, ndugu ya marehemu, kutoka Walungu. Alikuwa mutu mupole wa kusema, na hao ndio wabaya. Akasema kwa desturi mali ya kaka yake ni yake, nyumba ni yake, na mujane achague: aolewe naye, ao arudi kwao na kuacha watoto, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa baba. Maman Nabintu akakataa, kesi ikaenda tribunali ya site, mahakama ya mitaa ya watu weusi, kwa zuzi, ndiye hakimu.

Akaja kwangu mbio, jasho linamutoka.

«Papa Karani, unipe makaratasi yangu, nipeleke.»

Ningekuwa mutu, ningempa palepale. Yeye angekata uzi, angeona, labda hata kipande kimoja tungekiokoa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona akilini ile picha: tribunali imejaa, mimi ninasimama, ninakata uzi polepole, watu wanasema «eeeh!». Nikamwambia, «Maman, wewe kaa tu. Mimi mwenyewe nitaileta, nitaifungua mbele ya zuzi, nitamusomea kila risiti.» Akanishukuru. Mutu anakushukuru kwa kitu kama hicho, unajisikiaje baadaye?

Siku yenyewe nilivaa koti la ndoa yangu. Tribunali ilijaa mpaka madirishani, wanawake wa samaki walikuja wote, na zuzi alikuwa muzee mumoja wa miwani asiyependa maneno marefu, lakini mimi nilimupa maneno marefu hata hivyo, Kiswahili na Kifaransa, nikasema mudomo unaweza kudanganya, karatasi haidanganyi, nikasema leo ushahidi utajionyesha wenyewe. Nikaweka kifurushi juu ya meza yake, karibu kabisa na mikono yake. Nikakata uzi.

Mende wa kwanza akatoka kwa heshima, mumoja, akasimama. Zuzi akamutazama. Nikacheka kidogo, nikamupiga kwa kofia, na kile kishindo ndicho kilichowaamsha wengine. Jamani! Walimwagika kama maharagwe kutoka kwenye gunia lililopasuka, wakubwa, wadogo, wale weupe waliozaliwa jana, wakakimbia juu ya meza, wakaingia mikononi mwa koti la zuzi, zuzi akaruka, kiti kikaanguka, polisi akaanza kukanyaga sakafu kama mucheza ngoma, na watu wakacheka, wakacheka mpaka wengine walikaa chini. Mimi nilikuwa nafungua kurasa. Nilifungua wa kwanza, wa pili, nikaenda mpaka wa mwisho, na hakukuwa na kitu, ilikuwa matundu na mavi ya mende, na pembeni kijipande chenye tembre, ile stempu ya serikali, pengine nusu ya tarehe. Gundi yangu tamu waliila, wakala na karatasi iliyoishika.

Mutu mumoja tu hakucheka. Maman Nabintu alikuja mezani, akaokota vijipande kwa ncha za vidole, anavigeuza upande huu na ule. Hakujua kusoma, alikuwa anatafuta rangi ya karatasi anayoijua.

«Zuzi, mimi nilizisoma!» nikapiga kelele. «Mabati aliyanunua yeye, jina lake lilikuwapo, naapa!»

«Uliona wakati alinunua?» zuzi akauliza, angali anatikisa koti.

«Hapana. Niliona risiti.»

«Risiti iko wapi?»

Ndipo yule shemeji mupole akasogea, akachukua jalada. Lile mende hawakuligusa kwa sababu halikuwa na gundi. Akalinyoosha ili zuzi asome.

«Karani ni shahidi wa huyu maman, si shahidi yangu,» akasema. «Lakini muone mwenyewe aliandika nini. Mali ya ukoo wa Bisimwa. Na miye ni Bisimwa.»

Zuzi akasoma wino wangu mwekundu, akaandika kwamba nyumba ni ya ukoo, na watoto vilevile, na kesi ikaisha.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini haikunimeza, nilirudi nyumbani kwa miguu na watoto wa njia wakinifuata, na kwa siku nyingi nilifikiri kwamba jambo baya kuliko yote lilikuwa kile kicheko. Mujinga mimi. Maman Nabintu alipanda lori la Kamituga kwenda kupikia wachimbaji, na sufuria zake na godoro, na mikono yake haikushika mutoto yeyote kwa sababu shemeji alikuwa amewafungia ndani. Nilikwenda pale kumusaidia kupandisha mizigo. Hakunitukana. Alisema tu, «Acha, papa,» akapandisha mwenyewe.

Binti yake mukubwa, Furaha, tulikuwa tunakutana kwenye robine, bomba la maji la mutaa, na yeye kila mara alinisalimu vizuri, «Jambo, Papa Karani,» kwa sababu hakuna mutu aliyemueleza. Siku moja akaja nyumbani kwangu na karatasi ya daftari, akasema hana mutu mwingine anayejua kuandika, nimuandikie mama yake kwamba mudogo wake anakohoa na kwamba baba mudogo anawapiga. Niliandika. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika katika maisha yangu, nikamupa dereva wa lori la Kamituga.

Dereva aliporudi hakuleta barua, alileta maneno tu, akasimama mulangoni kwangu, akayasema mbele ya mutoto: «Mama yako alienda kwa padri kusomewa. Alilia. Anasema atatafuta njia ya kuwachukua. Na anasema padri yule zamani alifundisha shule hapa Bukavu, akautambua mwandiko ni wa nani, basi safari ingine utafute mutu mwingine wa kukuandikia.»

Furaha akanitazama. «Kwa nini, papa?»

Nikamwambia yote, palepale mulangoni, kuanzia kopo. Tangu siku ile karatasi ya mutu siipokei, hata ya kodi, hata ya ubatizo, ukininyooshea nitaweka mikono nyuma, uniite mushamba kama unataka. Asubuhi yake nilimuonyesha Furaha nyumba ya mwalimu mumoja anayeandika vizuri, akaingia peke yake, na mimi nikabaki njiani, kwa sababu aliniomba nisiingie.