Kijiti cha Mwaringa

Mwaringa alikuwa na nyumba juu ya mwinuko, ng'ambo ya mashamba ya Chara, na mtumbwi usiovuja. Watu walisema hivyo viwili vinamtosha. Uongo mtupu. Mkewe Kadzo alifariki mwaka ule ule walipohamia kutoka Kaloleni, na tangu hapo Mgiriama yule alikuwa akipika chungu kidogo, anakula, analala.

Mto Tana ulipofura, katikati ya miaka ya hamsini, ndipo alipofufuka. Alipiga kafi tangu jua kuchomoza, akiwaokoa Wapokomo wa Chara waliokwea madungu yao ya kulindia mpunga, akawaleta kwake pamoja na kuku na vyungu vyao. Johnson, karani wa serikali aliyeleta magunia ya unga kutoka Garsen, alimwuliza kwa nini anajitesa bila mshahara.

"Mimi nina mtumbwi," Mwaringa akajibu.

Jibu la mtu mwema, na karani aliridhika nalo. Ukweli ni kwamba nyumba ilijaa. Watoto walimkanyaga miguu, wanawake wakagombania mafiga yake, mtu fulani akawa anakoroma hadi kuku wanashtuka, naye Mwaringa alijilaza mlangoni akitabasamu peke yake kama mwehu. Aliona haya kufurahi wenzake wakiwa na msiba, lakini alifurahi.

Penye ukingo wa maji walichomeka kijiti, kama ilivyo desturi. Maji yakikiacha kijiti, yanashuka. Na yakishuka hakuna kukawia, kwa sababu mpunga hupandwa tope likiwa bichi. Likikauka, ni njaa mwaka mzima. Kila asubuhi bibi mmoja wa Chara, aliyeitwa Binti, ndiye aliyekwenda kukitazama.

Siku moja Mwaringa alimtangulia. Maji yalikuwa yamekiacha kijiti kwa mbali. Akakichomoa, akakichomeka upya penye maji, akafukia tundu la zamani kwa kisigino. Binti alikuja, akatazama, akasema bado. Kesho yake Mwaringa alifanya vile vile. Watu wakakaa, wakacheka, wakala unga wa serikali, na kule mashambani tope likaanza kukauka.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Binti ameketi pale ukingoni, kijiti mkononi.

"Mwanangu, hiki kina miguu?"

Mwaringa alikosa pa kuuweka uso wake. "Mama, mkiondoka nyumba itanyamaza," akasema.

 Bibi hakumfokea, wala hakuwaita wenzake.

"Mpunga hautungoji," alisema. "Ukitaka watu, njoo Chara kwa miguu yako. Usituombee maji."

Mwaringa hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba alikuwa akiomba maji yasishuke.

Aliwavusha wote siku hiyo hiyo. Jioni alipika chungu kikubwa kwa mazoea, akala kidogo, kilichobaki akawamwagia ndege.

Maji yalipokwisha kabisa, njia ya Chara ilikuwa wazi, wala si ndefu. Mara nyingi alioga, akavaa shati safi, akateremka hadi shamba la kwanza, mahali ambapo sauti zao zilisikika. Hapo alisimama, kisha akarudi. Wakati wa mafuriko alijua la kuwaambia: pandeni, shikeni hapa, mpeni mtoto mkono. Nchi kavu, hakujua aseme amefuata nini.