Shujaa Asiye na Sweta

Kila nikifungua friji la duka langu hapa Kilosa na ile harufu ya barafu ikanipiga puani, hasira ya utotoni inanirudia nzima nzima.

Tukiwa Mikumi, binamu yangu mkubwa alikuwa na mchezo wa dadu na hadithi: kila mtu ana shujaa wake daftarini pamoja na vitu anavyobeba, yeye anasimulia yanayowapata. Siku moja, jua likichemsha lami, akatutangazia safari mpya ya nchi ya barafu tupu. Wiki nzima sikupata usingizi. Nikamwandikia shujaa wangu mikuki mia.

Siku yenyewe, kabla sijarusha hata dadu, binamu akatamka, "Dogo, umeshakufa kwa baridi. Hukuandika sweta."

"Sweta? Kwani shujaa wangu anapelekwa kliniki kupimwa uzito, kaka?" Kwetu sweta walivaa vichanga tu!

"Basi liandike sasa hivi, afufuke."

"Na soksi za kufuma!" wenzangu wakadakia.

Shujaa aliyeua majoka elfu! Nikasema bora afe. Akafa. Wao wakaingia barafuni, nami nikabaki nimevimba kama chura, masikio nimeyatega yote mawili.