Shangwe za Kukodi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Zumari. Aliuza mitumba sokoni, kwenye kibanda kilichopakana na choo cha umma, mahali ambapo mteja hachagui sana kwa sababu hawezi kukaa muda mrefu. Lakini sifa yake haikutoka kwenye mitumba. Ilitoka kwenye ulimi. Zumari akipiga kigelegele, kila mwanamke aliyekuwa karibu alijikuta naye anapiga, hata aliyenuna, hata mwenye mafua. Mwenyewe alisema ni kama mwayo: mmoja akianza, wote mmekwisha.

Kipaji cha namna hiyo hakikosi kuonwa na wanasiasa. Mpambe wa Mheshimiwa Diwani, kijana mwenye simu mbili na shingo inayogeuka upande wowote wenye faida, alimkuta kwenye harusi akamwajiri papo hapo. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kwenye vikao vya hadhara vya halmashauri, Zumari alikaa safu ya mbele. Mheshimiwa akifika penye jambo lake, Mpambe alijifuta paji la uso kwa leso nyeupe, na Zumari akaachia. Ukumbi ukafuata. Hapo Mwenyekiti wa halmashauri, mzee aliyekuwa amelala tangu sala ya kufungua kikao, alishtuka, akagonga meza kwa nyundo yake ya mbao, akasema, "Imepita kwa shangwe!" Kisha akarudi alikotoka.

Kwa njia hiyo yalipita mengi: posho mpya za vikao, gari la Mheshimiwa, na barabara ya lami iliyokwenda moja kwa moja mpaka getini kwake ikakata roho.

Aliyekerwa kuliko wote alikuwa wifi yake Zumari, dada wa mumewe, muuza nyanya na katibu wa kikundi cha wakazi kilichokuwa kikiandamana kwa ajili ya kila kitu, kuanzia maji hadi taka. Vibanda vyao vilitazamana, lakini wenyewe walikuwa wameacha kusalimiana. Walisemezana kupitia wateja.

"Dada, chagua kwa raha zako," wifi alimwambia mteja wake kwa sauti ya kuvuka njia. "Nyanya zangu zimeiva zenyewe, hazikukodiwa kuwa nyekundu."

"Chukua sketi hii, mama," Zumari naye akamwambia wake. "Imara kabisa. Si kama mabango ya watu fulani, mvua ikinyesha wino wote unakimbia, na wenye mabango nao wanakimbia."

Basi siku moja wifi alivuka njia, akasimama mbele ya rundo la mashati.

"Wifi."

"Makubwa! Leo nimeonekana?"

"Kikao cha Alhamisi unajua kina nini?"

"Ajenda sizijui. Mimi najua leso."

"Wanataka kuvunja soko. Eneo hili apewe shemeji yake Mheshimiwa, ajenge maegesho ya magari. Kisheria ni lazima wakazi wakubali kwenye kikao cha hadhara. Na wakazi wa mji huu, wifi yangu, wanakubali kwa ulimi wako."

Zumari aliyatazama mashati yake. Kibanda hiki kilikuwa kimewasomesha watoto wake wote, pamoja na yule ambaye hakutaka kusoma.

"Basi siendi."

"Ukikosa wewe, watamleta yule wa mtaa wa pili."

"Yule? Yule si anapiga kama birika linalochemka!"

"Birika au si birika, Mwenyekiti atazinduka."

Zumari alichukua shati akaanza kulikunja. Kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa uso wake, likatambaa hadi upande wa pili.

"Kumbe yule mzee akizinduka," akasema polepole, "hata haulizi nani alikuwa anasema."

Wifi akaliona tabasamu, naye likamwambukiza.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mheshimiwa alisema maendeleo mpaka neno lenyewe likachoka. Mwisho akainua sauti: "Kwa hiyo ndugu wananchi, soko hili lipishe maegesho ya kisasa!"

Mpambe akajifuta paji la uso. Kimya. Akajifuta mashavu. Akajifuta shingo, masikio, akaipepea leso kama mtu anayeaga meli. Zumari alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala. Mwenyekiti alikoroma taratibu.

Mheshimiwa akakohoa. Waandishi wa habari walikuwapo, ikabidi atabasamu. "Sisi ni wanademokrasia," akasema, huku akimkazia macho Mpambe. "Tusikie na upande wa pili, halafu tutarudi."

Wifi akasimama. "Napendekeza soko libaki lilipo, asiliguse mtu."

Zumari akaachia.

Safu ya pili ikadaka, ya tatu ikafuata, mpaka mke wa Mheshimiwa, pale walipokaa wakubwa, akajikuta ulimi umemtoka. Mwenyekiti akaruka kitini. Nyundo ikagonga.

"Imepita kwa shangwe!"

"Mwenyekiti, hapana!" Mheshimiwa alikuwa amesimama. "Shangwe si kura!"

Wifi hakuwa ameketi bado.

"Mheshimiwa amesema kweli tupu," akasema kwa upole uliotisha. "Kama shangwe si kura, basi na posho hazikupita, wala lami, wala gari. Naomba tuanze na gari, maana liko hapo nje."

Kamera zote zikageukia dirishani. Mheshimiwa akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama nyundo kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Soko libaki," Mheshimiwa akasema, akaketi.

Mlangoni Mpambe alimkamata Zumari mkono. "Mama, umetuua! Hukuiona leso?"

"Niliiona, mwanangu. Nikasema masikini, kijana wa watu ana homa."

"Kazi huna tena!"

"Pole. Kunywa maji mengi, ulale."

Njiani mawifi walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wifi akawa mzito ghafla. "Hawa hawataacha. Watatafuta njia nyingine, na Mwenyekiti mwingine asiyelala."

"Kikundi chenu kinakutana lini?"

"Jumamosi. Lakini kwetu hakuna malipo, wifi."

"Nani kauliza malipo? Nauliza kama kuna kiti."

"Kipo. Ila usinifungulie huo mdomo kabla sijamaliza kusema."

"Basi jifunze kusema upesi," Zumari akasema, akaingia sokoni kufungua kibanda.